Nani Anamlipa Mpuliza Tromboni?

Mwanzoni mwa mwaka 1871 Henry Morton Stanley alikuwa Bagamoyo, akisaka wapagazi na kufunga mizigo ya vitambaa, shanga na nyaya kwa safari ya kumtafuta David Livingstone. Mapadri Wafaransa wa Shirika la Roho Mtakatifu, waliofungua misheni yao pembeni mwa mji mwaka 1868, walimkaribisha chakula. Meza ilipoondolewa, wanafunzi wapatao 20 walijitokeza wakiwa na vyombo vya shaba mikononi, wakapiga muziki wa Kifaransa. Stanley alilieleza tukio hilo katika kitabu chake kilichotoka mwaka uliofuata. Maneno aliyowaandikia vijana wale ni ya dharau, lakini mshangao wake ulimshinda kuficha: sauti zilipatana, na muziki ulitoka kama ulivyotakiwa kutoka.

Misheni ile ilikuwa kimbilio la watoto waliokombolewa utumwani. Mtoto aliyefika pwani akiwa amefungwa katika msafara hakuwa na shati, sembuse tarumbeta. Kuna mtu aliyenunua vyombo vile Ulaya, akavipakia melini, akavivusha hadi Bagamoyo, akatafuta mwalimu, akawalisha wanafunzi kwa miezi yote waliyokuwa wakitoa milio isiyo na maana. Mtu huyo alikuwa taasisi. Jambo hili ndilo linaloeleza maisha ya wapuliza vyombo vya shaba katika pwani hii tangu siku ile hadi leo, na ndilo linaloeleza kwa nini tromboni, chombo kilichojenga majina makubwa katika jazi ya dunia, imekuwa adimu kwenye majukwaa yetu.

Tromboni ni bomba refu la shaba lililokunjwa. Ukilinyoosha lile la kawaida, linafikia karibu mita 2.7. Tarumbeta ina vitufe vitatu vya kubonyeza. Tromboni ya kawaida haina hata kimoja. Ina bomba la mbele linaloteleza ndani na nje, na mkono wa kulia ndio unaolisukuma na kulivuta. Kuna vituo saba. Cha kwanza bomba limerudi lote, cha saba mkono umenyooka kabisa, na kila kituo hushusha sauti kwa nusu hatua. Vituo hivyo havina alama. Mpuliza huvitafuta kwa sikio, kama mpiga zeze anavyotafuta sauti kwenye uzi usio na kigingi cha kumwonyesha pa kubonyeza. Midomo nayo ina kazi yake: ndiyo inayotetemeka ndani ya kikombe cha chuma na kuamua sauti ipande au ishuke ndani ya kituo kilekile. Mtu asipopuliza kwa majuma machache, midomo hulegea, na itambidi aijenge upya.

Chombo chenyewe ni dhaifu kuliko kinavyoonekana. Kuta za bomba linaloteleza ni nyembamba, na kibonyeo kidogo hulifanya likwame. Linataka mafuta, maji safi na kitambaa laini kila siku. Weka juu ya hayo hewa ya chumvi na mchanga mwembamba wa pwani, kisha jiulize fundi wa kulinyoosha yuko wapi kati ya Tegeta na Pangani.

Baada ya misheni walikuja wanajeshi. Bagamoyo ilikuwa makao makuu ya utawala wa Wajerumani hadi mwaka 1891, yalipohamishiwa Dar es Salaam, na jeshi la kikoloni liliwafundisha askari Waafrika muziki wa gwaride. Tanga, shule ya serikali iliyofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1890 ilikuwa na bendi yake ya matarumbeta. Ng'ambo ya bahari, Sultani wa Unguja alikuwa na bendi ya wanamuziki wa Kigoa. Kwa hiyo, kufikia mwanzo wa karne ya 20, mtu wa pwani hakuhitaji kuambiwa tarumbeta ni nini. Alikwisha kuisikia, na alikwisha kuichukua akaigeuza yake: ndiyo ngoma ya beni, iliyoanzia miji ya pwani ya Kenya na kushuka kusini hadi Tanga, Dar es Salaam na kwingineko. Vyama vya Marini na Arinoti vilishindana kwa mavazi, vyeo vya kijeshi vya kujipa, gwaride na nyimbo za kuchapana. Vita Kuu ya Kwanza ikaisambaza beni hadi bara, kwa miguu ya askari na wapagazi.

Beni ilikuwa na fahari, lakini haikuwa ajira. Waliocheza walikuwa makarani, askari, watumishi wa majumbani na wachukuzi, na walichangishana wenyewe. Ilipofifia, dansi ilishika nafasi yake. Dar es Salaam Jazz Band iliundwa mwaka 1932, na kuanzia hapo neno jazi likawa jina la kila bendi ya mjini yenye hadhi: Morogoro Jazz, Tabora Jazz, Kilwa Jazz, Western Jazz, na Tanga wakawa na Atomic Jazz na Jamhuri Jazz. Muziki wao haukuwa ule wa New Orleans. Ulikuwa dansi, wenye mapigo ya Kuba na Kongo na mashairi ya Kiswahili. Hata hivyo, bendi nyingi zilibakiza kitu kimoja cha jazi ya Marekani, nacho ni safu ya wapulizaji waliosimama upande mmoja wa jukwaa, wakiitikia waimbaji.

Uhuru ulileta mwajiri. Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi NUTA kiliunda NUTA Jazz, bendi ambayo leo watu wanaijua kwa jina la Msondo Ngoma. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kilikuwa na Urafiki Jazz. Umoja wa vijana ulikuwa na Vijana Jazz, shirika la bima likawa na Bima Lee, Jeshi la Wananchi likawa na Mwenge Jazz na Polisi wakawa na Polisi Jazz. Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978, nayo ilikuwa mali ya shirika la umma. Mashirika hayo yalinunua vyombo na kulipa mshahara wa mwezi. Mpuliza saksafoni wa NUTA Jazz alikuwa mfanyakazi, mwenye bosi, likizo na ratiba, na vyombo vilikuwa vya ofisi. Wengine walilalamikia utaratibu huo, kwa kuwa mwanamuziki aliyehama bendi aliondoka mikono mitupu. Lakini bila utaratibu huo safu za wapulizaji zisingekuwapo. Gitaa moja fundi wa mtaani aliweza kulitengeneza, na kijana aliweza kulinunua kwa kudunduliza. Saksafoni mbili na tarumbeta mbili zilikuwa mzigo wa kampuni.

Studio ya wanamuziki hao ilikuwa Radio Tanzania Dar es Salaam. Nchi haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri, na bendi iliyotaka santuri ilisafiri hadi Nairobi. Lakini RTD ilirekodi nyimbo za bendi kwenye kanda kwa ajili ya kuzirusha hewani, na kanda hizo ndizo kumbukumbu kubwa ya dansi ya Tanzania tuliyonayo. Bendi ilipiga yote kwa pamoja. Mpuliza aliyekosea katika sekunde za mwisho aliwarudisha wenzake wote mwanzo. Hapo ndipo nidhamu ya wapulizaji ilipojengwa: kupumua pamoja, kuanza pamoja, kukata sauti pamoja. Sikiliza utangulizi wa nyimbo za Mlimani Park za miaka ya 1980, au jinsi matarumbeta ya Msondo yanavyoingia baada ya ubeti. Michael Enoch, aliyetoka Dar es Salaam Jazz akaja kuwa nguzo ya Mlimani Park, aliweza gitaa na saksafoni kwa kiwango ambacho wenzake walimwita mwalimu.

Safu hizo zilitawaliwa na tarumbeta na saksafoni. Tromboni ilibaki zaidi katika bendi za gwaride za majeshi na katika vikundi vya matarumbeta vya makanisa, hasa ya Kilutheri, ambako wamisionari wa Kijerumani walileta desturi ya kupiga tenzi kwa vyombo vya shaba. Sababu moja ni mpangilio wa muziki wenyewe. Kazi ya tromboni katika bendi kubwa ni kujaza katikati na chini, na dansi yetu iliijaza sehemu hiyo kwa magitaa matatu yanayosukana. Sababu nyingine ni kwamba tarumbeta hufundishika haraka zaidi, na katika bendi inayopiga usiku mara nne au tano kwa wiki, hakuna aliyekuwa na nafasi ya kumsubiri mtu atafute vituo saba.

Mahali ambapo mwajiri alikuwapo na muziki ukakihitaji chombo hicho, tromboni ilifanya makubwa. Tena kazi mbili muhimu za watu wake zina Kiswahili ndani yake.

Jonas Gwangwa alizaliwa Orlando East, Afrika Kusini, mwaka 1937. Alipata tromboni akiwa mwanafunzi katika mazingira ya Padre Trevor Huddleston, kasisi wa Kianglikana aliyewatafutia vijana weusi wa Johannesburg vyombo na kuwaundia bendi. Hugh Masekela alipata tarumbeta kwa mkono huohuo. Huddleston huyu Watanzania wa kusini wanamfahamu vizuri: mwaka 1960 aliwekwa kuwa Askofu wa Masasi, akakaa hadi 1968. Gwangwa alikuwa katika kundi la Jazz Epistles lililorekodi santuri mwanzoni mwa 1960, kisha akatoka nchini na mchezo wa jukwaani wa King Kong, akaishia Marekani kusoma muziki. Huko aligundua kwamba mpuliza tromboni anayejua kuandika nota hakosi kazi. Yeye ndiye aliyepanga na kuongoza muziki wa santuri ya Harry Belafonte na Miriam Makeba ya mwaka 1965, iliyopata tuzo ya Grammy. Ndani yake umo Malaika, wimbo wa Kiswahili ambao umiliki wake umebishaniwa kwa miaka mingi kati ya wanaomtaja Adam Salim wa Tanganyika na wanaomtaja Fadhili William wa Kenya. Baadaye Gwangwa aliacha soko la Marekani akaongoza Amandla, kundi la sanaa la chama cha ANC lililozunguka dunia kuitangaza vita ya ukombozi. Akiwa na George Fenton alitunga muziki wa filamu ya Cry Freedom ya 1987, uliowafikisha kwenye uteuzi wa Oscar. Alifariki Januari 2021.

Wa pili ni mwanamke, na kwa mtu anayetaka kuijua kazi hii ndani na nje, hakuna maisha yanayofundisha zaidi ya yake.

Melba Liston alizaliwa Kansas City, Marekani, Januari 1926. Alipokuwa na miaka saba alipenda umbo la tromboni alilolionea dukani, na mama yake akakubali kumnunulia, ingawa mkono wa mtoto wa umri huo haukifikii kituo cha saba. Familia ilihamia Los Angeles mwaka 1937. Akiwa na miaka 16 alipata ajira ya kwanza katika bendi ya ukumbi wa Lincoln, kisha akajiunga na bendi kubwa ya Gerald Wilson. Bendi kubwa ya wakati ule ilikuwa na watu 15 na zaidi: safu ya matarumbeta, safu ya tromboni, safu ya saksafoni, kisha piano, besi na ngoma. Watu wote hao walisafiri kwa basi moja, walilipwa na kiongozi mmoja, na walikaa popote walipokubaliwa kulala. Kwa msichana mmoja kati ya wanaume wote hao, ugumu ulizidi muziki. Liston alieleza wazi baadaye kwamba alinyanyaswa barabarani.

Mwaka 1949 alizunguka majimbo ya kusini ya Marekani na bendi iliyomsindikiza mwimbaji Billie Holiday. Ziara iliharibika: kumbi hazikujaa, fedha ziliisha, na ubaguzi ulikuwa kila mlango. Alirudi nyumbani akaiweka tromboni chini. Mmoja wa wapulizaji bora wa kizazi chake akawa mfanyakazi wa bodi ya elimu ya Los Angeles, na mara mojamoja akaonekana kwa dakika chache kwenye filamu, ikiwemo The Ten Commandments ya 1956. Bendi kubwa zilikuwa zinakufa wakati huo, kwa kuwa gharama za kuwabeba watu 15 zilizidi mapato ya mlangoni. Kipaji kilikuwapo. Aliyelipa ndiye aliyetoweka.

Aliyemrudisha ni mpuliza tarumbeta Dizzy Gillespie, na aliyelipa safari hii ilikuwa serikali. Mwaka 1956 Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani iligharimia ziara za bendi ya Gillespie Mashariki ya Kati na Amerika ya Kusini, jazi ikitumika kama balozi katika vita baridi. Gillespie alimtaka Liston kwa tromboni yake na kwa kalamu yake pia. Alikuwa mpangaji wa muziki wa daraja la juu, yaani mtu anayechukua wimbo uliotungwa kwenye piano na kuuandikia kila mwanamuziki sehemu yake: tarumbeta ya kwanza ipige nini, tromboni ya tatu inyamaze wapi. Mwaka 1958 alirekodi santuri pekee aliyoiongoza kwa jina lake, akiwa na wapuliza tromboni wenzake.

Kisha ikaja kazi inayotuhusu. Mpiga piano Randy Weston alitaka kutunga muziki mrefu wa kuzipokea nchi za Afrika zilizokuwa zikijipatia uhuru. Aliuita Uhuru Afrika. Sehemu yake ya kwanza ina jina la Uhuru Kwanza na ya mwisho Kucheza Blues. Mshairi Langston Hughes aliandika maneno, na kwa kuwa Weston alitaka lugha ya Kiafrika isikike, Tuntemeke Sanga, Mtanganyika aliyekuwa New York na ambaye baadaye alijulikana katika siasa za Tanzania, aliyasoma kwa Kiswahili mwanzoni mwa santuri. Mpangilio wote wa bendi uliandikwa na Melba Liston. Mnamo Novemba 1960 walikusanyika katika studio za Bell Sound: Clark Terry na Freddie Hubbard kwenye tarumbeta, Yusef Lateef kwenye saksafoni na filimbi, Max Roach kwenye ngoma, Mnigeria Babatunde Olatunji na Mkuba Candido kwenye ngoma za mikono. Safu ya tromboni ilikuwa ya Slide Hampton, Jimmy Cleveland na Quentin Jackson. Tanganyika ilikuwa imebakiza mwaka mmoja na ushei kufikia uhuru wake. Utawala wa makaburu ulikuja kuipiga marufuku santuri hiyo Afrika Kusini mwaka 1964.

Katika santuri hiyo Liston hakupuliza. Alikaa upande wa nota. Ndivyo taaluma hii inavyowabeba wanaodumu: midomo huchoka, basi la bendi huisha mafuta, lakini anayejua kuandika huitwa studio. Miaka ya 1960 aliwapangia muziki Johnny Griffin na Milt Jackson, na akafanya kazi na kampuni ya Motown. Mwaka 1973 alihamia Jamaika kufundisha katika shule ya muziki ya Kingston, akakaa hadi 1979. Kiharusi cha mwaka 1985 kilimwondolea uwezo wa kupuliza. Aliendelea kuandika kwa msaada wa kompyuta, na kazi zake na Weston za miaka ya 1990 ni kati ya bora alizoacha alipofariki Aprili 1999.

Jamaika aliyoikuta Liston ilikwisha kuwa nchi ya tromboni, na sababu yake ingepaswa kuwauma watu wa Bagamoyo. Mjini Kingston kuna shule ya Alpha, iliyoanzishwa mwishoni mwa karne ya 19 na kulelewa na masista wa Kikatoliki kwa ajili ya watoto maskini na yatima. Nayo ilikuwa na bendi ya shaba. Humo alitoka Don Drummond, mpuliza tromboni wa bendi ya Skatalites, na humo alitoka Rico Rodriguez, ambaye Drummond alimfundisha akiwa mwanafunzi mkubwa. Rodriguez alihamia Uingereza mwaka 1961, akapuliza kwenye rekodi nyingi za studio, akawa na bendi ya The Specials, kisha kwa miaka mingi akawa katika bendi kubwa ya Jools Holland. Mbegu ya Alpha na ya misheni ya Bagamoyo ni ileile: Wakatoliki, watoto wasio na kwao, vyombo vya shaba. Tofauti ni kwamba Alpha iliendelea kufundisha kizazi baada ya kizazi, katika mji uliokuwa unakua na studio zilizokuwa zikiongezeka mitaa michache tu kutoka shuleni. Bagamoyo ilipoteza makao makuu, misafara ikapotea, bandari ikalala, na nguvu za misheni zikaelekea bara, Mhonda na Morogoro.

Bendi za mashirika ya umma nazo zilipungukiwa nguvu mashirika yenyewe yalipoyumba. Miaka ya 1990 kinanda cha umeme kilianza kutoa milio ya tarumbeta kwa kubonyeza kitufe, na mwenye bendi aliona nafuu kumlipa mtu mmoja badala ya wanne. Msondo na Mlimani Park, au Sikinde, walishikilia wapulizaji wao, na kwa hilo wanastahili heshima kubwa kuliko wanayopewa.

Leo shaba inasikika zaidi juu ya gari. Jumamosi yoyote Dar es Salaam, hadi Tegeta na Bunju, pikapu iliyobeba kundi la matarumbeta hutangulia msafara wa harusi, wapulizaji wakiwa wamesimama nyuma na ngoma kubwa miguuni. Wanapiga nyimbo za kwaya, za dansi na za bongofleva kwa mpigo mmoja wa haraka, na watu hucheza barabarani wakiwafuata kama walivyofuata ngoma ya mdundiko. Wengi hujifunza kwa kusikiliza, mkubwa akimwonyesha mdogo. Malipo yao ni makubaliano na mwenye shughuli, pamoja na noti za kutunzwa. Kazi hiyo ni halali na ina furaha, ila haimpi mtu muda wa kujifunza nota, na bila nota mlango wa studio aliopita Gwangwa na Liston hubaki umefungwa.

Bagamoyo kwenyewe kuna Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, TaSUBa, iliyoanza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981. Tamasha lake la kila mwaka huvuta wasanii wa nchi nyingi, na mji huohuo ndio uliokuwa makazi ya Hukwe Zawose, aliyeipeleka ilimba na zeze za Wagogo kwenye majukwaa ya dunia. Pana walimu, pana kumbi, pana wanafunzi wanaolala palepale. Darasa la kudumu la vyombo vya shaba, lenye tromboni sita, karakana ya kuzitengeneza na mkataba na bendi ya Polisi wa kuwaazima wakufunzi, huenda lingegharimu pungufu ya bei ya magari mawili ya kifahari ya ofisi za serikali. Wanafunzi wa kwanza wangeweza kutoka kwenye zile pikapu za harusi, maana hao midomo yao tayari ina nguvu. Wanachokosa ni nota na mshahara wa mwezi.